Msaada wakuu: singo mbili zimeshatoka, ya tatu tupigie debe ipi?

Mpenda_Vinanda:
Wakuu habari zenu. Mimi na wenzangu tuna grupu la mashabiki wa msanii mmoja wa pop (jina silitaji, najua mtaacha swali muanze kumchamba yeye). Albamu ina nyimbo 14, singo (nyimbo za albamu zinazotolewa na kutangazwa kivyake) zimetoka mbili na zote za kuchezeka, sasa kwenye laivu kasema ya tatu hajaamua, anasikilizia mashabiki. Basi grupu limekuwa vita. Kuna wanaotaka namba 4, biti ikianza tu mtu kashanyanyuka. Kuna wanaotaka namba 9, piano na sauti tu mpaka katikati ndo ngoma zinaingia, hiyo ukiisikia usiku unamlilia ex hata kama hujawahi kuachwa. Wachache wanang'ang'ania namba 11 eti kisa kolabo na rapa mkubwa. Mimi niko namba 9 ila naogopa tukiipigia debe ikabuma tutachekwa. Singo inachaguliwaje hasa? Na kelele zetu zina maana au tunajichosha bure?

Biti_Kali:
Namba 4 mkuu, swali gani hilo. Watu hawana subira siku hizi, piano dakika nzima mtu kasharuka wimbo.

Sikio_la_Tatu:
@Biti_Kali siafiki bana. Zilizotoka zote za kuchezeka, ukiachia ya tatu vilevile watu wataona albamu nzima ni wimbo mmoja. Adele alitangulia na Rolling in the Deep yenye ngoma nzito, halafu Someone Like You piano na sauti basi, akaiimba kwenye tuzo za Brit 2011 ikapanda mpaka namba moja Uingereza na baadaye Marekani. Hiyo subira watu waliitoa wapi?

Biti_Kali:
Adele ni Adele.

Kaseti_Mbili:
Vijana tulieni. Singo ya kwanza au ya tatu si lazima iwe wimbo mkali kuliko zote. Thriller ya Michael Jackson ya 1982 ina nyimbo 9 na 7 zilitoka singo, na iliyotangulia ni ile laini aliyoimba na Paul McCartney, Billie Jean ikafuata nyuma. Halafu enzi hizo singo ilikuwa kitu unanunua dukani kabisa, lebo (kampuni ya muziki) ikitaka ununue albamu nzima inagoma kuuza singo. Don't Speak ya No Doubt redio za Marekani ziliipiga mpaka basi ila Hot 100, chati kuu ya huko, haikuingia, maana mpaka mwishoni mwa 1998 wimbo usiouzwa kama singo ulikuwa hauruhusiwi. Siku hizi wimbo wowote wa albamu unaweza kuingia chati, 2017 Ed Sheeran alijaza nyimbo 16 kwenye ishirini bora za Uingereza kwa mpigo mpaka wakabadili sheria, msanii mkuu mwisho nyimbo tatu. Kwa hiyo mnachogombania hapo ni pesa ya video na redio iende wapi, wimbo wenyewe ushatoka.

Dada_Melodi:
Kuhusu kelele mdogo wangu, peke yake hazitoshi. Cruel Summer ya Taylor Swift iko kwenye albamu ya 2019, mashabiki waliililia tangu siku ya kwanza, ikaja kuwa singo 2023 yuko kwenye ziara na watu wanaisikiliza upya kwa fujo, Oktoba ikashika namba moja Marekani. Bloody Mary ya Lady Gaga ni ya 2011, mwishoni mwa 2022 watu wakaanza kuichezea TikTok ndo lebo ikaipeleka redioni. Yani lebo inafuata namba, hashitegi ni mapambo. Nenda kaangalie strimu (kila wimbo umesikilizwa mara ngapi mtandaoni), ila kumbuka nyimbo za juu kwenye albamu zinabebwa, maana mtu anaanza namba moja anaishia njiani. Ukikuta wimbo wa chini unalingana na wa juu, huo watu wanaufuata wenyewe. Namba 11 achaneni nayo, kolabo hiyo mpaka upate ratiba ya rapa na ruhusa ya lebo yake mwaka umeisha.

Mpenda_Vinanda:
Asante dada, nimetoka kuangalia sasa hivi. Ukitoa zile singo mbili, namba 9 iko juu ya namba 4 kidogo tu. Ila inayoziburuza zote ni namba 12!! Na kwenye grupu hakuna hata mmoja aliyewahi kuitaja 😅

Sikio_la_Tatu:
Ile yenye miluzi mwanzoni? Aisee hiyo nakutana nayo kwenye video za watu kila siku nikajua ni ya mtu mwingine.

Dada_Melodi:
Wapelekee hizo namba kwenye grupu, usiseme kitu, post picha tu.

Mpenda_Vinanda:
Nimepost. Nusu wanasema namba zimechakachuliwa.

Biti_Kali:
Zimechakachuliwa kweli. Namba 4.