Roboti ikikwama, muda unaokatwa ni wangu. Hii ni haki kweli?

Wakuu, leo nina hasira na sifichi. Kila anayezisifia roboti za maghalani ana wimbo mmoja: "zinampunguzia mfanyakazi mzigo." Mzigo upi? Mimi nasimama kwenye kituo cha kuchukulia bidhaa masaa 10 kwa zamu, acheni niwaeleze.

Zamani tulitembea. Unasukuma toroli kutoka rafu hii hadi ile, ukifika jioni nyayo zinawaka moto, sikatai. Ila ile safari fupi kati ya rafu na rafu ndiyo ilikuwa pumzi yetu. Mgongo unanyooka, mkono unashuka, mnapishana na mwenzako mnajuliana hali. Sasa roboti inaingia chini ya rafu, inainyanyua nzima nzima na kuileta mbele yako. Kutembea hakuna tena, na pumzi nayo imekwenda. Kilichobaki ni inama, chukua, piga skana, tia kwenye kreti, inuka, na ukiinua macho rafu nyingine tatu zimeshapanga foleni. Bega ni lilelile, kiuno ni kilekile, mpaka zamu iishe.

Msiseme huyu ni mvivu analia peke yake. Amazon waliinunua Kiva Systems, waliokuwa wakitengeneza roboti za namna hii, mwaka 2012 kwa dola milioni 775, na mwaka 2025 wakatangaza wamefikisha roboti milioni moja. Mwaka 2020 waandishi wa Reveal wa Marekani walizichambua kumbukumbu za majeruhi za kampuni hiyo za 2016 hadi 2019. Kwenye maghala yenye roboti, kiwango cha majeraha makubwa kilizidi cha yale yasiyo na roboti kwa zaidi ya asilimia 50. Sababu ni hiyohiyo ninayoisema: mtu aliyekuwa akichukua bidhaa kama 100 kwa saa alianza kudaiwa 300 mpaka 400.

Sasa nije kwenye lililonifanya nifungue uzi huu.

Kwetu roboti zinajua njia kwa kusoma stika zilizobandikwa sakafuni. Kipande cha nailoni kikidondoka juu ya stika, roboti inasimama, na zote zilizo nyuma yake zinasimama. Sisi haturuhusiwi kukanyaga eneo lile, na ni sawa, ni usalama wetu. Anasubiriwa mtu mwenye kizibao maalumu aje akiokote. Wiki iliyopita nilisubiri dakika 11. Mikono mitupu, hakuna rafu iliyokuja. Mwisho wa zamu naitwa na msimamizi, ananionyesha kwenye skrini: dakika 11 za kukaa bure, jina langu. Nikamweleza. Akanijibu, "Mfumo ndio ulioandika."

Mfumo! Mfumo huohuo unajua ni roboti ipi ilisimama, kwenye stika ipi, sekunde ngapi. Kumbukumbu zote mbili ziko mikononi mwa mwajiri mmoja. Kuziweka pamoja wakaona kwamba dakika zangu 11 ndizo dakika 11 za roboti yao kunawashinda nini? Hawataki tu. Mashine ikilala inapelekewa fundi, mimi nikiisubiri napewa onyo.

Ufaransa, mamlaka ya kulinda taarifa binafsi, CNIL, iliitoza tawi la maghala la Amazon faini ya euro milioni 32 mwishoni mwa 2023 kwa ufuatiliaji wa kupita kiasi wa aina hii. Skana ilipokaa dakika 10 bila kazi, iliandikwa. Ulipopiga skana bidhaa ya pili kabla ya sekunde 1.25 kupita, nalo lilikuwa kosa! Na California, tangu Januari 2022, sheria inamtaka mwajiri wa maghala makubwa akupe kwa maandishi kiwango unachodaiwa, na kisikunyime muda wa kula wala wa kwenda chooni. Mimi sijawahi kupewa karatasi yoyote. Kiwango nakijua siku nikishindwa kukifikia.

Atakayekuja kuniambia napinga teknolojia asijisumbue. Roboti ibebe, tena ibebe vyote vizito. Ninachodai ni muda wa mashine uandikwe kwa mashine, na ile pumzi tuliyokuwa tukiipata kwa kutembea irudishwe kama mapumziko ya kweli, dakika kadhaa kila saa.

Nyinyi mlioko maghalani, kwenu roboti ikikwama anaandikwa nani? Na kuna aliyewahi kukata rufaa onyo kama hili likafutwa? Nahitaji kujua alipitia njia gani, kwa sababu langu bado liko kwenye faili.