Ushauri: Nimpeleke mama Satpura kuona chui milia, au niende kwenye mbuga zenye majina?

Mtoto_wa_Karatu:
Wakuu habari zenu. Niko Bhopal hapa India namalizia masomo, mama anakuja Desemba kwenye mahafali na nataka nimpeleke mbugani. Simba na tembo kawaona tangu utoto ila chui milia hajawahi, na kila tukiongea kwenye simu ananiuliza hao wanyama wako wapi. Hapa chuo kila mtu anasema Bandhavgarh au Kanha lakini mimi roho inanituma Satpura maana ni karibu na nasikia magari sio mengi, tatizo wanasema chui milia wa kule wagumu kuonekana. Mama ana miaka 61, magoti yanamsumbua kidogo. Aliyefika naomba anipe mwanga.

Mzee_Porini:
Kijana tusidanganyane, kama ni chui milia tu mpeleke Bandhavgarh. Sensa ya 2022 ilitoa chui milia 785 kwa jimbo lote la Madhya Pradesh, hakuna jimbo India linalofikia hapo, na Bandhavgarh ni moja ya sehemu walikojazana. Ila akionekana mmoja magari yote yanakimbilia hapo hapo, vumbi na kelele, mama atamuona kwa kuchungulia katikati ya vichwa vya watu.

Neema_Nagpur:
Mdogo wangu mpeleke Satpura. Geti la Madhai unavuka kwanza mto Denwa kwa boti asubuhi ukungu bado haujaondoka, Gypsy, yani zile jeep za wazi, zinawasubiri ng'ambo. Humo ndani kulikuwa na vijiji, watu wakahamishwa, mashamba yao ya zamani sasa ni majani matupu kwa hiyo wanyama wanatoka kula mchana kweupe. Utaona gaur, yani nyati wa huku, dume lina misuli balaa na miguu myeupe chini kama limevaa soksi. Kuna dubu, kuna mbwa mwitu wekundu, na chui wetu wa madoa wapo wengi tu.

Na chui milia hatafutwi kwa macho peke yake. Dereva anazima injini mnakaa kimya, mnasikiliza wale nyani wa uso mweusi juu ya mti. Wakianza kukohoa kwa nguvu na swala wa madoa wamesimamisha mkia wote wanaangalia upande mmoja, ujue paka mkubwa yuko jirani. Mama wa Karatu hilo atalielewa haraka kuliko watalii wote humo kwenye gari!

Mtoto_wa_Karatu:
Dada Neema asante sana. Vipi hayo magoti na boti?

Neema_Nagpur:
Safari ya boti ni fupi, mshike mkono tu wakati wa kupanda na kushuka. Kwenye Gypsy muombee siti ya nyuma ya dereva, zile za mwisho zinarusha sana. Zile safari za miguu waachie vijana. Halafu BARIDI, Desemba asubuhi kwenye gari la wazi ni baridi kweli, achukue shuka la kimasai, kofia na glavu.

Bwana_Vibali:
Naongezea hapo. Kibali kinakatwa mtandaoni kwa namba ya pasipoti, kwa hiyo mwambie mama akutumie picha ya pasipoti mapema na siku yenyewe aibebe ile original, getini wanaikagua. Jumatano jioni hawaingizi watu. Na ukisogea kwenye Krismasi na mwaka mpya wahindi wenyewe wako likizo, vibali vinaisha haraka mno.

Mtoto_wa_Karatu:
Basi ni Satpura, nimeshamwambia na kafurahi sana. Nawaza treni mpaka Sohagpur halafu teksi mpaka Madhai, nikate vibali vya asubuhi siku zinazofuatana. Mnaonaje?

Mzee_Porini:
Sawa kabisa. Weka na jioni moja, ule mwanga wa saa kumi na moja dubu wanapenda kutoka. Mkimaliza mpandishe Pachmarhi apumzike, ni mji wa milimani hapo hapo jirani.

Neema_Nagpur:
Na umuombe muongozaji anayejua Kiingereza wakati unabuku lodge, wengi wao pale wanaongea Kihindi tu na mama atakuwa na maswali mengi.