Forester turbo inanuka oili iliyoungua ikisimama kwenye foleni, ni turbo kweli?

tegeta_kibaoni: Wakuu, habari za leo. Forester XT ya 2004, injini EJ20 ya turbo (kifeni kinachosukuma hewa ndani ya injini). Ikitembea haina shida, ila ikisimama dakika mbili tatu kwenye taa za Morocco hapa Dar, harufu ya oili iliyoungua inaingia ndani kupitia AC. Boneti ikifunguliwa kuna kamoshi upande wa dereva, nyuma. Ekzosti haitoi moshi wa bluu. Oili inapungua kama nusu lita kila kilomita 1,000. Fundi kasema turbo imekufa, ninunue nyingine Kariakoo. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

spana_kumi: Mkuu, usinunue kitu bado. Harufu inayokuja gari ikisimama na kupotea ikitembea maana yake oili inadondokea chuma cha moto nje ya injini, na ukitembea upepo unaipeperusha. Turbo inayopitisha oili ndani ingekuonyesha moshi wa bluu nyuma.

Injini hiyo silinda zake zimelala, kwa hiyo tapeti kava (mifuniko ya valvu) ziko ubavuni na mabomba ya ekzosti yamepita chini yake. Gasketi ikikauka, tone halifiki hata chini, linaungulia palepale. Ndiyo maana sakafu ya parking inaweza kuwa safi huku oili inapungua.

Injini ikiwa ya baridi, toa ngao ya chini, osha kwa dawa ya kuondoa grisi (petroli hapana, tafadhali), iache ikauke kabisa. Halafu nyunyizia poda ya mtoto kuzunguka kingo za kava zote mbili, na chini ya turbo. Washa iungurume palepale dakika kumi, zima, mulika kwa tochi. Poda itakuwa na mchirizi wa kahawia, na unakoanzia kwa juu ndiko kunakovuja. Usiangalie panapodondokea, oili inatambaa mbali.

gerezani_spea: Naongezea. Kabla ya kuilaumu turbo angalia kampira kafupi kanakorudisha oili kutoka kwenye turbo kwenda kwenye injini. Kanakakamaa kwa joto, klampu zinalegea. Ni cha bei ndogo sana ukilinganisha na turbo, na kinavuja hapohapo unapoona moshi.

Kuipima turbo yenyewe: toa bomba la hewa linaloingia, shika ncha ya shafti kwa vidole. Kucheza kidogo sana pembeni ni kawaida. Ikivutika mbele na nyuma, au mapanga yamekwaruza ukuta, hapo fundi yuko sahihi. Utando mwembamba wa oili ndani ya bomba usikutishe, ni mvuke wa injini.

tegeta_kibaoni: Nashukuru sana. Nikikuta ni gasketi, nibadilishe za nje tu?

spana_kumi: Badilisha na raba za matundu ya plagi, na ringi za raba zinazokaa chini ya vichwa vya bolti. Chomoa koili uangalie: plagi ikiogelea kwenye oili, raba zimekwisha. Bolti za kava zinakazwa kiasi cha Nm 6 (nyutoni mita) tu kwa spana ya kupimia, kwa kupishanisha. Mafundi wengi wanakaza kwa nguvu za mkono, gasketi inabinuka, mwezi haujaisha inavuja tena. Silikoni iwe kidogo na kwenye kona tu. Ikizidi inamegukia ndani na kuziba njia za oili, kisha turbo inakufa kweli.

Valvu ya PCV, ile inayotoa mvuke na presha ndani ya injini, nayo itoe uitikise. Isipolia, imeganda: presha inakosa njia na itasukuma hata gasketi mpya.

gerezani_spea: Kwa sasa pima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na kiti, usiwe chini ya mizigo kwenye buti. Moshi ukiongezeka, paki, zima injini na ita breakdown (gari la kuvuta).