Filamu BUBU kaiwekea DJ!! Huyu jamaa wa flashi kanimaliza leo

Wakuu salamu baadaye, nimezima tv sasa hivi na mikono bado inatetemeka.

Yule jamaa anayekodisha muvi za kizamani kwenye flashi, mnamjua, hata simtaji maana nusu ya humu ndani kashawala hela. Leo kanichukulia elfu 3 kwa The Passion of Joan of Arc, ile aliyoiongoza Carl Theodor Dreyer ya 1928, nimeisaka mwaka mzima. Filamu bubu. BUBU. Mwanzo mpaka mwisho ni midomo inacheza na maandishi yanapita. Nikalaza watoto, nikazima taa, nikakaa. Sekunde ya kumi nasikia "karibuniii tena mpenzi mtazamajiii"

KAITAFSIRI. Mtu kachukua filamu isiyo na sauti kaitafsiri, sasa anatafsiri nini jamani, ukimya anautoa lugha gani anaupeleka lugha gani?? Majaji wa kanisa kawaita mabosi. Joan ni "stelingi wetu wa kike". Nikasema nivumilie, hela nishatoa.

Ila pale anaponyolewa wakuu. Pale.

Kwa msioiona, Joan ni binti anayeshtakiwa na kanisa kwa kudai katumwa na Mungu, kaogopa kuchomwa moto kasaini karatasi ya kukana yote, wakamhukumu kifungo cha maisha, wanamnyoa kichwa. Yule dada Falconetti aliyemuigiza Joan nywele zake zilikatwa kweli mbele ya kamera na uso hauna hata poda kwasababu Dreyer hakutaka vipodozi, unaona mpaka ngozi, machozi yanashuka yenyewe. Halafu mtu anafagia zile nywele chini, na humo kwenye nywele kuna lile taji la majani makavu walinzi walilomvika kumkejeli. Joan anaangalia taji linavyofagiwa kama taka. Hapo hapo anageuka, niitieni majaji, nilichosaini ni uongo. Yaani hapo kachagua kuchomwa, na hajatoa sauti, ni macho tu.

Na HAPO ndo jamaa akasema "dada yupo saluni hapa anapiga kipara cha kisasa, na wewe kama unataka tangazo lako lisikike kwenye muvi zetu piga namba zifuatazo". Akaitaja namba. MARA MBILI. Fagio linapita, sifuri saba. Taji linaondoka, sifuri saba. Nimerudisha nyuma mara tatu nikidhani nimesikia vibaya, ni namba ya simu.

Hii filamu negativu yake, yaani ule mkanda wa asili, iliungua Berlin mwaka huohuo wa 1928, watu wakaja kupata nakala nzima 1981 kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili nje kidogo ya Oslo, Norway. Imepona moto, imepona miaka hamsini ya kusahaulika, ije kufia kwenye flashi ya huyu mtu.

Nimempigia. Ananiambia "broo wateja walilalamika haina sauti, nikawasaidia". KAWASAIDIA. Saluni!! Mtu anaenda kufa!!

Kijiwe_Nongwa: Elfu 3 kuangalia wazungu wasioongea? Mleta uzi wewe ndo unatakiwa utafsiriwe

BintiPwani88: Pole mkuu. Samahani lakini hiyo namba unaweza kuiweka hapa? Nauza mawigi

Mzee_wa_Reli: Acha kulia. Japani enzi hizo filamu bubu ilikuwa na msimuliaji kabisa anakaa pembeni ya skrini, wanamwita benshi, na wengine walikuwa na jina kuliko waigizaji. Kaka yake Akira Kurosawa, yule mwongozaji mkubwa wa filamu wa Japani, alikuwa benshi. Jamaa yupo sahihi, kachelewa tu miaka mia

mleta uzi: Mzee benshi alikuwa anaielewa filamu kwanza ndo anafungua mdomo. Nitajie benshi aliyetaja namba ya simu mtu akinyolewa. Nasubiri

Kijiwe_Nongwa: Simu zenyewe walikuwa nazo?

Fremu16: Hiyo yako ndogo. Mimi alinipa The Last Laugh ya 1924, ya Murnau, ile mzee bawabu wa hoteli anavuliwa koti lake la vifungo anapelekwa kuhudumia chooni. Mzee anatakiwa atembee kinyonge mgongo umepinda, kwangu anakimbia kama kasikia pilau imeiva. Spidi imezidi! Kamera za zamani nyingi walikuwa wanazungusha kwa mkono, fremu (yaani picha moja moja) chini ya 24 kwa sekunde, ukichezesha kwa 24 za siku hizi bila kurekebisha kila mtu anakuwa kuku. Nimeshindwa hata kumuonea huruma yule mzee nimebaki nacheka na roho inauma

mleta uzi: Angalau wako alikuwa kimya

Shemeji_wa_Tanga: Nyie mnaongelea spidi, flashi yake imeniletea virusi, picha zote za harusi ya mdogo wangu zimegeuka shotikati. Mke wangu hajanisemesha toka juzi, filamu bubu iko sebuleni kwangu

Fremu16: Shemeji usifomati!! Picha zipo zimefichwa tu

Shemeji_wa_Tanga: Nishafomati

Mzee_wa_Reli: Eeh basi

mleta uzi: Wakuu turudi pale kwenye fagio kwanza

Kijiwe_Nongwa: Shemeji ulifomati ya haraka au ile ndefu? Kama ya haraka kuna programu inazirudisha, njoo pm

BintiPwani88: Namba jamani