Peni ya Durham ikiwa na kindoano tu, mnaiita Kellawe. Acheni utapeli!

Wakuu, huu ujinga umezagaa kwenye minada ya sarafu mtandaoni. Peni ya fedha ya Durham, Uingereza, ikionekana na kindoano (kichwa cha fimbo ya kichungaji) upande wa nyuma, muuzaji anaandika chapuchapu "Askofu Kellawe, 1311–1316" na bei inapaa. Jamani, Askofu Hatfield (1345–1381) naye alitia fimbo ya kichungaji palepale, kwenye ncha ya mkono mmoja wa msalaba!

Geuza usome mbele. Ya Kellawe huwa na kifupi cha Kilatini, EDWA R ANGL DNS HYB (Edward, mfalme wa Uingereza, bwana wa Ireland). Za Hatfield za kuanzia 1351 kwa kawaida humwita mfalme kwa kirefu: EDWARDVS REX ANGLI. Kisha ipime kwa mizani inayosoma gramu 0.01: ya Kellawe ilikusudiwa iwe na gramu 1.44 hivi, hizo za Hatfield za kuanzia 1351, gramu 1.17 tu. Lakini mizani isiwadanganye. Peni nyingi zilinyolewa kingo ili watu waibe fedha, na Kellawe iliyonyolewa hushuka hadi uzito wa Hatfield. Herufi zikiwa zimekatwa vichwa pembeni, uzito si ushahidi tena.

Halafu kuna hawa wauzaji wanaoandika "Bek", askofu mwingine wa Durham. Alama ya Askofu Bek ni msalaba mdogo ambao ncha zake zimepasuka na kujikunja kama pembe, mwanzoni mwa maandishi ya mbele. Msalaba wa kawaida si wake: mfalme alipoishika mali ya uaskofu, ofisa wa mfalme ndiye aliyesimamia karakana ya kufua sarafu, na peni za ofisa huyo zina msalaba mtupu. Beaumont (1318–1333) ana simba na maua ya yungiyungi. Kwenye peni iliyochakaa simba huyo hubaki kidoa, na kidoa si kibali cha kubuni askofu. Andikeni "Durham, askofu hajulikani", basi.

Na nani kawaambia kile kichwa chenye taji ni cha askofu? Ni cha mfalme Edward. Askofu alikuwa na haki ya karakana na faida yake, ila chapa (vyuma vya kugongea sarafu) zilitoka London.

La mwisho: acheni kuzisugua kwa dawa ya meno na magadi! Alama yenyewe ina milimita mbili hivi, ukiisugua umefuta jina la askofu. Uchafu ulowekeni kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke, kausheni kwa kugusagusa na kitambaa laini. Picha pigeni kwa mwanga wa ubavuni, pande zote mbili, na uzito uandikwe. Tangazo lisilo na hivyo, wakuu, lipiteni.