Mama amefungwa kwenye kiti katika makao ya wazee: je, inakubalika?

Kitinda Mimba:
Ndugu zangu, mama yangu ana dimenshia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) na anaishi katika makao ya wazee. Juzi nilipomwondolea blanketi nilikuta shuka lililosokotwa limempitia kiunoni na kufungwa fundo nyuma ya kiti, mahali ambapo mkono wake haufiki. Msimamizi alinieleza kwamba ni kwa usalama wake, kwa kuwa huinuka mara kwa mara na anaweza kuanguka, kisha akanipa fomu ya ridhaa niitie sahihi. Bado sijaisaini. Je, utaratibu huu unakubalika?

Muuguzi Mstaafu:
Pole sana, dada. Usitie sahihi kwanza. Hoja ya kuanguka huaminika kirahisi, lakini haijathibitika kwamba kumfunga mtu kunapunguza ajali hizo. Misuli isiyofanya kazi hudhoofu, hivyo siku anapofunguliwa miguu haimbebi, na anayejaribu kujinasua anaweza kuteleza hadi kifungo kikambana kifuani au shingoni. Kuna pia vidonda vya mgandamizo, vitokanavyo na kukaa muda mrefu bila kusogea, kufunga choo, na hofu ya mtu asiyekumbuka kwa nini amefungwa. Hata vizuizi vya pembeni mwa kitanda vina hatari yake, kwani mgonjwa huweza kuvipanda akaanguka kutoka juu zaidi, au akanaswa kati ya kizuizi na godoro. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 iliwapa wakazi wa makao yanayopokea fedha za bima za serikali haki ya kutofungwa kwa ajili ya adhabu au ya kuwarahisishia wahudumu kazi. Lazima pawe na dalili ya kitabibu inayohitaji kutibiwa. Waulize nani aliagiza, kwa dalili gani, kwa muda gani, hufunguliwa kila baada ya saa ngapi, na njia zipi zilijaribiwa kabla. Sahihi yako haichukui nafasi ya majibu hayo.

Zamu ya Usiku:
Nafanya kazi hiyo, na nakiri kwamba mara nyingi fundo kama hilo hufungwa kwa uchache wa wahudumu wala si kwa ukatili, ingawa hilo halilihalalishi. Tena, kamba si lazima: kiti kilichosukumwa mpaka meza ikamgusa tumboni, au sofa la kuzama asiloweza kuinuka, huko nako ni kumfunga. Kwa uzoefu wangu, anayeinukainuka ana jambo, iwe maumivu, kiu au haja ndogo. Andika saa anazoinuka.

Kitinda Mimba:
Asanteni. Nimekaa naye siku tatu nikiandika. Huinuka yapata nusu saa baada ya chakula cha mchana, na mara zote tatu alikuwa akitaka chooni. Mhudumu mmoja amekubali kumpeleka mapema, ila shuka bado linaning'inia nyuma ya kiti. Kesho nina kikao na msimamizi; nitakwenda na daftari langu na yale maswali matano.