Yule jamaa wa kinanda ameniaibisha ukumbini kwa sababu ya kodi moja. MOJA!

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka. Nimetoka ukumbini saa nane usiku, hata pilau sijaonja, gitaa bado liko mgongoni.

Yule jamaa wa kinanda. Simtaji. Kila aliyewahi kupiga harusi mji huu anamjua: miwani ya jua saa nne usiku, anakaa kwenye kinanda kama nahodha wa meli. Leo kanikabidhi tyuna jukwaani, kile kidude cha kupimia kama nyuzi zinalia sawa. Mbele ya bibi harusi. Narudia: tyuna, mkononi, mbele ya bibi harusi na kamati nzima.

Kosa langu nini? Wimbo wa taratibu, nyumbani kwake ni A maina, maharusi wanalishana keki. Kabla ya kurudi A maina kuna ile kodi, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, ya E saba, ambayo kila mtu anaipiga kama anasoma risiti. Mimi nikaitia tisa iliyopandishwa, yaani sauti ya G kule juu. Kidole cha kati uzi wa tano freti ya 7, shahada uzi wa nne freti ya 6, cha pete uzi wa tatu freti ya 7, kidole cha mwisho uzi wa pili freti ya 8, na uzi wa sita mtupu unanguruma chini. Kwa wanakwaya: do, mi, ta, halafu juu yake ma. Mi na ma ndani ya kodi moja! Mi ndiye furaha, ma ndiye huzuni, wamekaa meza moja, na harusi si ndiyo hiyo, mama mtu anacheka huku analia? Ukiwabana jirani wanakwaruzana kama bawaba yenye kutu, ndiyo maana mi anakaa chini, ma juu kabisa, na ta katikati kama mshenga.

Jimi Hendrix aliipiga kwenye wimbo wake Purple Haze mwaka 1967, hadi leo wapiga gitaa wanaiita kodi ya Hendrix, na watu wa jazi walikuwa nayo kabla yake. Mimi nimeisotea miezi mitatu. Kidole changu cha mwisho kina sugu ngumu kuliko kisigino.

Basi, E ikalia. Yamebaki mapigo manne turudi A maina. Jamaa AKAINUA MKONO. Wimbo ukasimama. Keki iko mdomoni mwa bwana harusi, haijaingia. Akashika maiki: "Fundi, hebu tyuni gitaa lako, wageni wanaumwa masikio." Akatoa tyuna mfukoni, ikapita mkono kwa mkono hadi kwangu kama sahani ya mchango. Mshereheshaji akasema nipigiwe makofi. Nikapigiwa! Hata mpishi alitoka jikoni na mwiko kuja kunitazama. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akanishika mkono akanipa pole kama nimefiwa.

Nikaibana tyuna kwenye kichwa cha gitaa. Uzi wa sita kijani, maana yake uko sawa. Wa tano kijani. ZOTE SITA KIJANI! Nikamgeuzia aone. Akajifanya anafuta vumbi kwenye kinanda.

Makofi nayasamehe. Kinachoniuma ni kwamba E yangu haijarudi nyumbani mpaka dakika hii. Kodi ile kazi yake yote ni kuahidi kwamba A maina inakuja. Ukiikata pale umempokonya mtu tonge. Na tulipoanza tena alianzia mwanzo, kinanda peke yake! E yangu imebaki kule, inaning'inia kwenye mapambo.

Tyuna! Mbele ya bibi harusi!

Mpangaji Mchovu: Mkuu nimeona "kodi" nikaja mbio nikidhani mwenye nyumba kakutolea vyombo nje. Pole hata hivyo.

Soprano wa Pili: Mi na ma pamoja, watu wanakula keki? Hata mimi ningekuletea tyuna. Na maji ya kunywa.

Mleta uzi: Zilikuwa kijani zote sita. Soma vizuri.

Besi Nyuzi Nne: Afadhali wewe umesikika. Mimi fundi mitambo ananishusha hadi basi. Jumamosi nilienda chooni katikati ya wimbo, nikarudi, hakuna aliyegeuka.

Kinanda Kingine: Huyo jamaa si mimi, ila ngoja niseme. Umepandisha tisa hujamwambia mwenzio. Yeye mkono wa kulia kashika E saba ya kawaida, ana G shapu palepale ulipo wewe na G yako. Nusu toni, sikio kwa sikio! Mambo hayo mnakubaliana mazoezini.

Mleta uzi: Mazoezini HAKUJA! Siku mbili! Alikuwa kwenye sendofu ya watu wengine!

Mzee wa Rithimu: Vijana mnahangaika na tisa. Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa wa Kongo, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952. Gitaa kavu moja, kodi za kawaida, na hadi leo hamumfikii. Wakongo wakitaka ladha wanang'oa uzi wa nne, wanafunga mwembamba unaolia oktavu moja juu, wanaita mi-composé. Siku hizi nani anajua hayo? Mnajua kununua vikorokoro vya kukanyaga kwa mguu tu.

Bado Najifunza: Mimi F ya kawaida tu, ile ya kulaza kidole, wiki ya sita sasa inalia kama paka kabanwa na mlango. Mwalimu kala hela, simu hapokei.

Mpangaji Mchovu: Bora huyo kakimbia. Mwenye nyumba wangu anataka miezi sita kwa mkupuo, na mita ya umeme moja tunachangia wapangaji wanane.

Soprano wa Pili: Wanane? Sisi kumi na moja, na mmoja anachomelea madirisha usiku.

Bado Najifunza: Anachomelea na mnagawana bili sawa???

Mleta uzi: Wakuu, tafadhali turudi kwenye kodi.

Besi Nyuzi Nne: Si ndipo tulipo mkuu. Yangu imepanda tangu mwezi wa tatu.

Mpangaji Mchovu: Imepanda kiasi gani? Taja na mtaa, tusije tukahamia huko.